Barabara ya vumbi baada ya mvua kubwa: nitajuaje kabla sijaondoka kwamba inapitika?

Mgeni wa Njia (mwanzisha mada)

Salaam kwenu, wakuu. Naomba ushauri kutoka kwa wale mnaoendesha mara kwa mara kwenye barabara za vijijini wakati wa mvua, kwa sababu mimi huendesha mjini siku zote na njia hizi nazifahamu zikiwa kavu tu.

Keshokutwa natakiwa kumfuata mama yangu mzazi kijijini nimlete kwa daktari wa macho. Safari ina kilomita 30 za lami, na baada ya hapo kilomita 64 za vumbi zenye madaraja mawili ya zege, makalvati (yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) ambayo sijawahi kuyahesabu, na sehemu moja ya bondeni ambako maji hupita juu ya barabara mvua inapozidi. Imenyesha siku nne mfululizo, na usiku wa kuamkia leo haikukata hadi alfajiri, ingawa ninapoandika hapa jua linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Gari langu ni dogo, huvutwa na magurudumu ya mbele, na tumbo lake liko chini kiasi kwamba likibeba watu wanne hukwangua hata matuta ya kupunguzia mwendo.

Mwaka jana nilifanya safari hii hii katika hali kama hii. Kabla ya kuondoka nilimpigia simu jamaa mmoja wa kule, akanihakikishia kwamba barabara inapitika, nikaondoka saa nane mchana bila wasiwasi wowote. Nilikwama zikiwa zimebaki kilomita 11, jua likazama, nikalala ndani ya gari na viatu vyangu vilivyojaa tope. Baadaye nilibaini kwamba jamaa yule hakunidanganya hata kidogo: yeye husafiri kwa pikipiki, na kwa pikipiki barabara ilikuwa inapitika kweli.

Kwa hiyo sitafuti namna ya kuendesha kwenye tope, jambo ambalo limekwisha kujadiliwa sana. Natafuta namna ya kupata habari ya kuaminika kabla ya kuwasha gari. Nimwulize nani, na nimwulize nini? Ramani ya kwenye simu inaonyesha kwamba njia yote iko sawa na haina alama yoyote ya tatizo. Je, hiyo ni ya kutegemea?

Usukani Mkongwe

Pole kwa yaliyokupata, mkuu, na kwa kisa chako cha pikipiki umekwisha kujijibu nusu ya swali. Nimeendesha malori kwenye barabara za vumbi kwa miaka 19, na kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu ningesema hili: swali la "Barabara inapitika?" usimwulize mtu yeyote. Anayeulizwa hulijibu akifikiria chombo chake mwenyewe, au gari aliloliona juzi, au hulijibu kwa adabu tu kwa kuwa anatamani ufike. Hata mama yako anaweza kukwambia njoo mwanangu, njia ni nzuri, kumbe ana siku tatu hajatoka nje ya uzio wake.

Uliza hivi: gari gani limepita mwisho, lilipita saa ngapi, lilikuwa linatoka upande gani, na wewe uliliona kwa macho yako au uliambiwa? Akikujibu yote manne, unayo habari. Akishindwa mawili, ulicho nacho ni tetesi, hata kama anayezungumza ni mtu unayemheshimu. Kisha ongeza la tano, ambalo watu wengi hulisahau: tangu gari hilo lipite, mvua imenyesha tena? Gari lililopita saa mbili asubuhi, kabla ya mvua ya saa nne, halikuambii chochote kuhusu barabara ya saa sita.

Kuhusu wa kuuliza, mtafute mtu ambaye riziki yake ya leo inategemea kupita hapo leo. Dereva au utingo wa basi linalolala kijijini ni bora kuliko kiongozi yeyote wa kijiji, kwa sababu yeye asipopita hapati kitu, na akipita atakueleza hata jiwe alilolikwepa. Wakati mwingine jibu lake huwa fupi sana. Niliwahi kumwuliza utingo kama basi lao limeshafika, akasema, "Bado halijarudi tangu juzi." Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Jambo jingine ni kwamba barabara ya kilomita 64 haiwezi kuwa na jibu moja. Kaa chini uandike sehemu ambazo ndizo zinazoamua safari. Mara nyingi hazizidi nne au tano. Kwako naona bonde lile, madaraja mawili, na bila shaka kuna mlima fulani au uwanda wenye udongo mweusi ambao hukuutaja. Kwa kila sehemu mtafute mtu anayeishi jirani nayo, maana anayekaa mwisho wa barabara anajua mwisho wake tu. Nimeona magari yakiitwa kutoka upande mmoja na kuruhusiwa kutoka upande wa pili, huku katikati tuta la udongo linalobeba barabara limeondoka na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna nyumba karibu.

Ukishaingia njiani, endelea kuuliza, lakini sasa uliza kwa macho. Tazama magari yanayokuja kutoka mbele: tope limefika wapi ubavuni? Likiishia kwenye matairi, barabara ina utelezi wa kawaida. Likifika nusu ya mlango, na limepakwa sawasawa kama mstari, gari hilo limepita kwenye maji, na wewe mwenye gari dogo simama umwulize dereva ni wapi na ni umbali gani. Na kama umeendesha saa nzima kwenye barabara ambayo kwa kawaida hukutana na magari, na leo hujakutana hata na moja, basi huko mbele kuna jambo.

Gia ya Kwanza

Mimi naona mnamtisha bure. Kama basi au lori limepita, ajitie kwenye mifereji ya matairi yake na afuate pole pole bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Lori lina tani nyingi. Kama ardhi imelibeba hilo, itashindwaje kubeba gari dogo la kilo elfu moja?

Mkaguzi wa Mitaro

Ndugu Gia ya Kwanza, naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu ushauri huo ndio unaojaza magari madogo katikati ya barabara. Kazi yangu ni ukaguzi na matengenezo ya barabara zisizo na lami.

Swali la uzito umelishika vizuri, lakini uzito sio unaolikwamisha gari dogo. Linalolikwamisha ni tumbo. Lori likipita kwenye udongo laini, matairi yake huchimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Mfereji ukiwa na kina cha sentimita 25 na gari lako lina nafasi ya sentimita 16 chini yake, utaelea juu ya mgongo ule kama mtumbwi uliopwelea, magurudumu yakizunguka hewani, na hakuna ufundi wa usukani utakaokutoa. Isitoshe, nafasi iliyo kati ya mifereji miwili ya lori huwa pana kuliko ile iliyo kati ya magurudumu ya gari dogo, kwa hiyo gurudumu moja huingia na jingine hubaki juu, na gari hulala upande. Ndiyo maana swali la Usukani Mkongwe, kwamba gari gani limepita, ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa mwanzisha mada, jibu la "lori limepita mara sita tangu jana" ni habari mbaya.

Ningeongeza swali jingine ambalo dereva hawezi kulijibu kila mara: chini kuna udongo gani? Barabara ya kifusi chekundu chenye changarawe huteleza vibaya mvua inaponyesha, kwa sababu utando mwembamba wa juu hugeuka kama sabuni, lakini chini yake kuna ugumu, na saa chache za jua na upepo zinaweza kubadilisha hali kabisa. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni kinyume chake. Hunyonya maji ukavimba, hushika tairi hadi mifuo yake yote ikajaa na tairi likawa laini kama mpira wa kuchezea, nao hukauka polepole mno. Sehemu ya juu hufanya ukoko mkavu unaokuvutia uingie, kumbe chini bado ni uji. Kwa hiyo siku moja ya jua inaweza kukufungulia kilomita 50 za kifusi na isikufungulie mita 800 za udongo mweusi, na mita hizo 800 ndizo safari yako. Mchanga nao una tabia yake: ukiwa na unyevu hushikana na kubeba vizuri kuliko ukiwa mkavu, isipokuwa kwenye kitanda cha mto, ambako mafuriko huchimba mashimo na kuyajaza mchanga mlegevu usiotofautiana na ule mwingine kwa macho.

Sasa naomba niseme kidogo juu ya makalvati, kwa sababu umesema hujawahi kuyahesabu na nadhani watu wengi hawayahesabu. Daraja huonekana, kalvati halionekani, na kwenye barabara za vijijini uharibifu mkubwa huanza hapo. Mvua ikileta matawi na majani, mdomo wa bomba huziba. Maji hujikusanya upande wa juu kama bwawa dogo, kisha hutafuta njia pembeni ya bomba, ndani ya tuta lenyewe, na kuanza kuchomoa udongo kidogo kidogo kutoka chini. Juu barabara inabaki nzima, na kama kuna lami au ukoko mgumu itabaki kama ganda la yai. Wiki moja baada ya mvua kubwa nilisimama juu ya kalvati moja ambalo magari yalikuwa yakilipita asubuhi nzima. Karibu na katikati palikuwa na kitundu kisichozidi mdomo wa kikombe. Nilichukua kijiti cha urefu wa mkono nikakiingiza. Kikapita chote bila kugusa kitu, nikakiachia, nikasikia kikidondoka majini. Chini yake kulikuwa na pango ambalo mtu mzima angeweza kujikunyata ndani.

Kwa hiyo unapokaribia kila kalvati, punguza mwendo na utazame mambo machache. Maji ya upande mmoja yako juu sana kuliko ya upande wa pili? Hapo bomba limeziba. Kuna maji ya tope yanayotoka kwenye ubavu wa tuta, nje ya bomba? Tuta linaliwa ndani. Kuna ufa mrefu unaofuata ukingo wa barabara? Bega la barabara limeanza kushuka, kaa katikati au usipite kabisa. Sehemu ya juu imebonyea kidogo, au ina kitundu kama kile? Shuka kwenye gari. Kwenye madaraja tazama zaidi pale tuta linapokutana na daraja, kwa sababu zege kwa kawaida hustahimili na udongo ulio nyuma yake ndio unaoondoka.

Madhara haya hayaonekani siku ya mvua tu. Tuta lililonyonya maji linaweza kuporomoka siku kadhaa baadaye, jua likiwa kali.

Gia ya Kwanza

Nimekuelewa, mkuu. Mimi gari langu ni pikapu iliyoinuliwa, na nilikuwa naongea kama yule jamaa wa pikipiki.

Jicho la Juu

Nijibu lile la ramani ya simu, kwa kuwa bado halijaguswa. Rangi za kijani na nyekundu kwenye ramani hizo hutokana kwa sehemu kubwa na mwendo wa simu zilizomo ndani ya magari. Simu nyingi zikienda polepole, njia huchorwa nyekundu. Barabara ya kijijini ambayo hakuna gari linalopita haina simu ya kupimwa, kwa hiyo ramani haina la kusema, na ukimya huo msomaji huusoma kama usalama. Kufungwa kwa barabara huonekana pale tu mamlaka au mtumiaji mwingine anapotoa taarifa. Nayo picha ya setilaiti inayopamba ramani inaweza kuwa ya miaka kadhaa iliyopita, tena huchaguliwa ya siku isiyo na mawingu, yaani hasa siku ambayo haifanani na leo.

Viko vyombo bora zaidi, na ni vya bure, ingawa vina mipaka. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hupiga picha kwa rada, kwa hiyo huona ardhi usiku na hata mawingu yakiwa mazito. Maji yaliyotulia huonekana kama mabaka meusi. Zinakufaa kujua kama bonde zima limefurika. Hata hivyo zinaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kurudi mahali pale pale, na kila nukta ya picha ni takriban mita 10, ambayo ni pana kuliko barabara nyingi za vumbi. Usitegemee kuona kalvati.

Kinachonisaidia zaidi mimi ni makadirio ya mvua kutoka GPM, mpango wa Marekani na Japani wa kupima mvua kwa setilaiti, ambayo hutolewa kwa kila nusu saa, yakichelewa saa kadhaa, kwa miraba ya takriban kilomita 10. Usitazame mraba wa kijijini kwenu peke yake. Fuata mto unaokatiza barabara yako hadi unakotoka, utazame mvua ya huko. Mto unaweza kupanda chini ya mbingu nyeupe kabisa kwa sababu ya mvua iliyonyesha jana mahali ambapo huwezi hata kupaona, na kadiri bonde lake lilivyo kubwa ndivyo maji yanavyochelewa kufika. Jua la leo mchana ulilolitaja linakuambia habari za ukoko wa barabara. Habari za mto ziko kwingine.

Mgeni wa Njia (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana, na nimeshaanza kuandika ile orodha ya sehemu zinazoamua. Zimetoka tano, na kweli kuna uwanda wa udongo mweusi ambao nilikuwa nimeusahau, karibu kabisa na pale nilipolala mwaka jana. Makalvati mdogo wangu anayeishi kule amenihesabia ya nusu ya njia. Yeye amefika 17.

Bado bonde linanisumbua. Nikifika nikakuta maji yanapita juu ya barabara, kina gani ni salama kwa gari langu? Watu wengine husema maji ya nusu tairi hayana neno.

Mkaguzi wa Mitaro

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo watu hupotelea. Chukua gari la kilo 1,100 lenye sakafu ya urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6, eneo lake ni mita za mraba 6.4. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu, gari limesukuma kando lita 640 za maji, na maji hayo hulisukuma gari juu kwa nguvu ya kilo 640. Yakifika sentimita 17, gari halina uzito tena na linaelea, isipokuwa maji yameshaingia ndani. Ukijumlisha na sentimita 16 zilizo chini ya sakafu, unapata kina cha takriban sentimita 33 kutoka ardhini. Nusu tairi unayoambiwa ni karibu sentimita 30. Na muda mrefu kabla ya kuelea, matairi huwa yamekwisha kupungukiwa na uzito wa kuyakandamiza, kwa hiyo hayashiki, na mkondo hukusukuma ubavuni huku usukani ukigeuka bila kazi. Nguvu ya mkondo nayo hukua kwa mraba wa mwendo: maji yakienda kasi mara mbili, hukusukuma mara nne.

Hii ndiyo sababu maonyo ya usalama hutaja vipimo vinavyowashangaza watu: sentimita 15 hufika chini ya magari mengi madogo na zinaweza kuzima injini au kukunyima udhibiti, sentimita 30 huyafanya magari mengi yaelee, na sentimita 60 za maji yanayokimbia huweza kuchukua hata magari makubwa yanayovuta kwa magurudumu manne. Bomba la kuingizia hewa juu ya paa, ambalo vijana hulipenda, huzuia injini kunywa maji. Halizuii gari kuelea. Na injini ikinywa maji hata kidogo, pistoni hukutana na kitu kisichokandamizika, fimbo yake hupinda, na matengenezo yake ni kufungua injini nzima.

Kwa gari lako, maji yanayotembea ambayo huioni barabara chini yake, geuza. Maji ya sentimita chache, ambayo unaona changarawe chini na mistari ya kingo zote mbili, unaweza kuyafikiria. Usiyapime kwa kuingia kwa miguu kama yanakimbia. Mkondo mkali wa chini ya magoti humwangusha mtu mzima. Chomeka kijiti kwenye ukingo pale maji yanapoishia, kaa nusu saa. Maji yakikimeza kijiti, yanapanda, na hapo ondoka hata kama kina bado ni kidogo. Yakikiacha, yanashuka, na subira yako itakulipa.

Nesi wa Barabarani

Naongeza moja kwa sababu abiria ni mtu mzima mwenye shida ya macho. Kazi yetu ya kliniki ya kutembea hutupeleka kwenye njia hizi kila wiki, nasi tuna kanuni ya saa ya kugeuza: kabla ya kuondoka tunaandika saa ambayo, tukiwa hatujafika, tunarudi bila majadiliano, na tunamwachia mtu nyumbani saa hiyo pamoja na njia tunayopita. Panga ili sehemu mbaya zote zikukute asubuhi, na hata ukilazimika kurudi urudi mchana, kwa kuwa usiku taa hung'aa juu ya maji na kina hakisomeki kabisa. Wewe uliondoka saa nane mchana, ndugu yangu; hilo ndilo lililokulaza ndani ya gari zaidi ya tope lenyewe. Na mama usimpitishe majini hata kama wewe umepita salama ukienda. Mpigie daktari simu mapema uulize kama tarehe inaweza kusogezwa. Mara nyingi inawezekana, na watu hawaulizi.

Ndani ya gari weka koleo, ubao wa kulaza chini ya jeki, kamba ya kuvutia, maji ya kunywa, dawa zake za siku mbili zaidi, na blanketi.

Usukani Mkongwe

Nesi ameongea. Naongeza kwamba ukishatoka kwenye maji ukanyage breki kidogo kidogo huku gari likitembea hadi zikauke, kabla hujazihitaji.

Mgeni wa Njia (mwanzisha mada)

Narudi kutoa mrejesho baada ya siku sita.

Siku niliyopanga sikuondoka. Nilimpigia utingo wa basi nikamwuliza maswali yale matano, akaniambia basi limelala upande wa pili wa bonde na dereva anasubiri. Jamaa yangu wa pikipiki nilimpigia pia, akasema kama mwaka jana kwamba inapitika, nami safari hii nikamwuliza maji yalimfika wapi mguuni. Akafikiri kidogo, akasema alikuwa amekunja suruali. Hospitali walikubali kusogeza tarehe kwa siku tatu. Ilichukua dakika mbili.

Siku ya pili mvua haikunyesha, wala kule mto unakotoka makadirio hayakuonyesha kitu. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, utingo akanipigia mwenyewe: wamepita bonde, maji hayafiki kwenye vikombe vya magurudumu, uwanda wa udongo mweusi una mifereji lakini watu wamefungua njia ya pembeni juu ya majani. Mdogo wangu alikwenda kwa miguu kuitazama hiyo njia ya pembeni, akanitumia picha akiwa ameweka koleo chini ili nione kina cha mifereji. Niliondoka kesho yake saa kumi na moja alfajiri, na saa ya kugeuza niliiandika saa tano kamili.

Kalvati la tisa nilishuka. Hapakuwa na kitundu, ila upande wa juu maji yalisimama karibu mita moja juu ya yale ya upande wa pili, na matawi yalikuwa yamejaa mdomoni mwa bomba. Nilipita katikati polepole, abiria sikuwa naye, kisha nikatuma picha kwa ofisi inayohusika na barabara hiyo na kwa watu wa pale jirani. Nilipofika bondeni saa tatu na dakika kumi, maji yalikuwa ya kifundo cha mguu na changarawe ilionekana chini, lakini nilichomeka kijiti kama nilivyoelekezwa, nikakaa kwenye jiwe. Baada ya nusu saa yalikuwa yamekiacha kwa upana wa vidole vinne, nikavuka.

Mama sikumvusha siku hiyo. Tulilala kijijini tukaondoka asubuhi iliyofuata, na tulipofika bondeni kijiti kilikuwa bado kimesimama pale pale, sasa kikiwa kwenye mchanga mkavu, hatua mbili kutoka kwenye maji. Makalvati ni 31.